Picha Ina Ukungu, Diski Inalaumiwa

Jumamosi moja mchana kijana alipanda ngazi hadi kibandani kwangu, ghorofa ya pili hapa Luthuli Avenue, Nairobi, mashine ya gemu ya PS4 kwapani na diski mbili za gemu ya mpira mkononi. "Fundi, hizi diski zote ni mbovu. Wachezaji hawana sura." Nikamwambia aiwashe tuone. Kweli, mechi ilipoanza nyuso zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika wiki mbili, na jezi hazina hata nembo. Baada ya sekunde tano hivi ndevu zikatokea, kisha nembo, kisha nyasi. Diski ya kwanza alikuwa ameinunua kwa pesa ya mjengo. Ya pili alinunua baada ya rafiki yake kumwambia kwamba ya kwanza ni "kopi". Nilizigeuza chini ya taa, na hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Ningeweza kuzitetea hizo diski kabla hajaziweka mezani, kwa sababu diski ya gemu haina uwezo wa kutia picha ukungu.

Wengi wetu tulikulia kwenye kanda za video na TV ya antena, ambako uchafu kidogo ulileta chenga kwenye skrini, na mazoea hayo ndiyo yanayotupoteza. Diski inabeba namba, na juu ya hizo namba inabeba nyingine za ziada za kukarabati zile zitakazosomeka vibaya. Mkwaruzo mdogo unakarabatiwa kimya kimya na wewe huoni kitu. Mkwaruzo ukizidi nguvu ya ukarabati, mashine inakwama, inarudia kusoma, inarudia tena, halafu inakutupia ujumbe wa kosa. Hakuna siku namba zitasomeka nusu ili mchezaji atoke bila pua.

Tena tangu PS4 na Xbox One zitoke mwaka 2013, gemu haichezwi kutoka kwenye diski. Inanakiliwa yote kwenye diski ngumu iliyo ndani ya mashine, na baada ya hapo diski inabaki mlangoni kama askari wa kukagua tikiti: kazi yake ni kuthibitisha kwamba gemu ni yako. Ndiyo maana gemu uliyoipakua na ile uliyoinunua kwenye diski zina picha ile ile, mradi toleo na apdeti zilingane. Nimebishana na watu wazima kuhusu jambo hili mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo mteja akisema picha ni mbaya, namuuliza kwanza: ni mbaya wakati gani? Kama inaanza na ukungu kisha inajisafisha, ninatazama diski ngumu. Kama sinema za katikati tu (zile za hadithi zinazokatiza mchezo) ndizo mbaya na mchezo wenyewe ni safi, ubora ulipotea kwa watengenezaji kabla gemu haijafika Kenya. Kama inakwama au inatoa kosa, hapo ndipo diski na leza zinaingia kwenye orodha ya washukiwa. Na kama kila kitu ni kibaya kila wakati, hata maandishi ya menyu, mara nyingi tatizo ni TV, waya, au toleo la gemu lenyewe.

"Inakuja na ukungu, halafu inajisafisha"

Huu ndio ugonjwa wa kijana wa diski mbili, na ndio ninaouona zaidi siku hizi kwa sababu PS4 nyingi za mtaani zina umri wa mtoto wa darasa la tano.

Kila kitu unachokiona ndani ya gemu, ukuta, jezi, lami, ni umbo lililovalishwa picha. Hiyo picha inaitwa tekscha. Gemu huwa na nakala kadhaa za kila tekscha, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kumbukumbu ya PS4 ni GB 8, na gemu yenyewe inaweza kuwa GB 50 au 100, kwa hiyo vitu vinaletwa vinapohitajika na kutolewa visipohitajika. Nakala ndogo inatangulia ili usione pengo, kubwa inafuata. Kubwa ikichelewa njiani, unabaki ukitazama ndogo iliyovutwa ikajaza mahali pa kubwa, na huo ndio ukungu.

Inachelewa kwa nini? Diski ngumu iliyokuja na PS4 inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea lazima kihame chenyewe kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Kusoma faili moja ndefu inaweza bila shida. Kinachoichosha ni kuokoteza vipande elfu huku na kule. Watengenezaji walijua hivyo, wakawa wanarudia data makusudi. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alilieleza hili Machi 2020: kitu kinachoonekana kila mtaa, tuseme sanduku la barua, kinanakiliwa upya pamoja na data ya kila mtaa ili kichwa kisisafiri mbali kukitafuta. Katika gemu ya Spider-Man ya 2018, alisema, kuna data iliyorudiwa mara 400 kwenye diski ngumu.

Hapo utaelewa kwa nini ukubwa wa gemu si kipimo cha ubora wake. Vijana hunijia wakijisifu kwamba gemu fulani ni "GB mia na hamsini, hiyo ni kali". Mwishoni mwa 2025 Helldivers 2 ya kompyuta ilipunguzwa kutoka takriban GB 150 hadi 23, na sehemu kubwa ya kilichoondolewa ilikuwa marudio ya namna hiyo. Titanfall ya kompyuta ilipotoka 2014 ilijaza GB 48, na 35 kati ya hizo zilikuwa sauti isiyobanwa, ili kompyuta dhaifu zisipoteze nguvu kuifumua. Mchezaji wa mtaa wa Umoja aliyeiweka kwenye kompyuta yake alijaza GB hizo 35 kwa mlio wa bunduki.

Turudi kwenye mashine. Angalia nafasi kwanza. Diski ngumu iliyojaa pomoni inasoma kwa taabu kwa sababu faili mpya zinakatwakatwa na kutupwa popote penye mwanya. Futa gemu ambazo huchezi, bakisha walau GB 50 wazi, kisha futa ile yenye ukungu na uiweke upya ili ipate kukaa pamoja. Halafu jaribu gemu nyingine nzito. Kama ukungu uko kwenye gemu moja tu, na gemu hiyo ni mpya sana, kuna uwezekano mkubwa imeandikwa kwa ajili ya mashine za sasa na PS4 inaburutwa tu. Kama uko kwenye zote, zima TV sauti na uweke sikio karibu na mashine.

Nilimfanyia hivyo yule kijana. Nilizima feni ya kibanda, nikamwambia mwenye duka la spika hapo chini apunguze ngoma kwa dakika moja (alikubali baada ya kuombwa mara tatu), tukasikiliza. Diski ngumu nzima inavuma na kukwaruza kidogo inaposoma, mlio wa panya kwenye gunia. Ya kijana ilikuwa inakwaruza, inanyamaza, inagonga *tak*, inanyamaza, inaanza upya. Kila *tak* ni kichwa kinachorudi mwanzo baada ya kushindwa kusoma. Wakati huo huo kwenye skrini, mchezaji bila uso.

Dawa ni kubadilisha. PS4 inakubali SSD, yaani hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, ya kawaida ya laptopu ya inchi 2.5, ile ya waya wa SATA, mradi unene usipite milimita 9.5. Kabla ya kuitoa ya zamani, nakili hifadhi za michezo yako kwenye flash. Wengi husahau hapa, wakapoteza ligi za miaka miwili. Kisha pakua programu ya PS4 kwenye flash nyingine: unda folda "PS4", ndani yake "UPDATE", ndani yake faili "PS4UPDATE.PUP". Kuna faili mbili kwenye tovuti ya Sony na watu hukosea kila mara. Unayotaka ni ile kubwa ya kusakinisha upya, inayozidi GB moja. Ile ndogo ya apdeti itakataa kwenye diski tupu, nawe utadhani SSD ni mbovu.

Usitarajie miujiza. SSD kwenye PS4 inaondoa sehemu kubwa ya ukungu na kupunguza kungoja, lakini mashine na gemu zake zilipangwa kwa mwendo wa diski ngumu, kama MB 50 hadi 100 kwa sekunde. PS5 inasoma GB 5.5 kwa sekunde kabla hata ya kuhesabu data iliyobanwa, na ina kifaa chake maalumu cha kuifumua. Xbox Series X inasoma GB 2.4. Huko marudio ya sanduku la barua hayana kazi, ndiyo maana baadhi ya gemu zina GB chache kwenye PS5 kuliko kwenye PS4 na bado ni safi zaidi.

"Mchezo ni safi, lakini sinema za katikati zina vimraba"

Hii huwezi kuitengeneza, na mtu akikutoza pesa kuitengeneza amekuibia.

Kuna namna mbili za kubana data, na ni vyema kuzitofautisha. Fikiria sanduku la shule ya bweni. Unaweza kukunja nguo vizuri zikaingia zote. Ukifika unazikunjua, ziko vile vile. Ndivyo zinavyobanwa programu na data ya gemu, na ikifumuliwa hakuna namba hata moja inayobadilika. Namna ya pili ni kukata mikono ya sweta ili sanduku lifunge. Video, sauti na tekscha nyingi hubanwa hivi: sehemu ambazo jicho au sikio halitazikosa haraka hutupwa moja kwa moja. Kilichotupwa hakirudi, hata ukinunua TV ya nusu milioni.

Ukubwa wa chombo ndio uliokuwa ukiamua sweta likatwe wapi. Katriji za Nintendo 64 ziliishia MB 64, wakati CD moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya mara kumi ya hapo. Hata hivyo Resident Evil 2, iliyokuwa kwenye CD mbili, ilishindiliwa kwenye katriji moja mwaka 1999, video zikiwemo. Zilionekana kama zinatazamwa kupitia neti ya mbu, lakini zilikuwemo, na mimi bado nawavulia kofia walioifanya kazi ile. GameCube ilikuja na vidiski vya GB 1.5 wakati PS2 ilikuwa na DVD ya hadi 8.5. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Final Fantasy XIII ya 2010. Kwenye PS3 ilikaa kwenye Blu-ray moja, na kwenye Xbox 360, ambayo ilitumia DVD, ilihitaji diski tatu na bado sinema zake zilibanwa zaidi. Mwenye PS3 na mwenye 360 walitazama sinema ile ile, mmoja akaiona safi na mwingine akaona vimraba kwenye moshi na giza.

Giza ndilo mtihani. Ukitaka kujua kama sinema imebanwa sana, tazama anga la usiku au ukuta wenye kivuli. Ukiona ngazi za rangi badala ya rangi inayofifia taratibu, au vijisanduku vinavyocheza pembeni mwa moto, ni mbano. Kisha subiri mchezo wenyewe uanze mahali pale pale. Ukiwa safi, funga mjadala.

Mimi mbano niliufahamu kwa njia za panya. Zama za PS2, River Road kulikuwa na wauzaji wa kopi ambao walichukua gemu ya DVD wakaiingiza kwenye CD ya MB 700 kwa sababu CD tupu ilikuwa rahisi. Ili iingie, walitoa video zote na kupunguza sauti. Nilicheza gemu moja ya vita kuanzia mwanzo hadi mwisho nikiamini kwamba haina hadithi. Miaka mingi baadaye niliiona diski halisi kwa binamu yangu, nikagundua kwamba kulikuwa na mama mzazi, usaliti na mazishi.

Kwa walio na Nintendo Switch: katriji kubwa zaidi ya mashine ile ya 2017 ni GB 32, na kubwa hugharimu zaidi kutengeneza. Ndiyo maana boksi lingine limeandikwa kwamba lazima upakue sehemu ya gemu. Soma boksi kabla ya kulipa, hasa kama nyumbani unatumia bando.

"Diski haisomeki", "inakwama katikati", "inatoa kosa"

Sasa diski inaweza kuwa na kesi ya kujibu. Lakini ni diski ya aina gani? Data haikai mahali pamoja. Kwenye CD iko juu kabisa, chini ya lebo, na leza inapita kwenye plastiki ya zaidi ya milimita moja kuifikia. Kwenye DVD iko katikati, milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray, yaani PS3, PS4, PS5, Xbox One na Series X, iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ikilindwa na rangi ngumu.

Matokeo yake ni haya. CD ya PlayStation ya kwanza inaweza kukwaruzwa chini ikapona, ila ukiichuna lebo kwa kucha umeua data yenyewe. Iinue kwenye taa: ukiona mwanga ukipenya kwenye vitundu, imekwisha. Na ile dawa ya Colgate (hapa kwetu dawa yoyote ya meno ni Colgate) ina ukweli kidogo kwa CD na DVD, kwa sababu inasugua plastiki na kusawazisha kingo za mkwaruzo. Kwenye Blu-ray huna plastiki ya kusugua. Unavua ile rangi ngumu, na baada yake ni data. Kila mwezi naletewa diski ya PS4 inayonukia minti na hakuna ninaloweza kuifanyia.

Kusafisha ni kwa kitambaa laini kikavu au chenye unyevu kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa data unaharibu namba nyingi zilizofuatana, nao ukarabati unashindwa haraka. Ule unaokatiza unagusa chache kila mzunguko. Kwa sababu hiyo hiyo usiguse wala kuinamisha mashine diski ikiwa inazunguka. Xbox 360 ikisimamishwa wima au kulazwa katikati ya mchezo huchora duara zuri sana kwenye diski, na duara hilo ndilo kaburi lake.

Kama diski ni safi na bado haisomeki, jaribu nyingine. Kisha jaribu filamu ya DVD. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405, na leza hizo hazifi siku moja. PS3 inayocheza filamu ya DVD vizuri lakini inakataa kila gemu ina leza ya buluu iliyochoka. PS2 inayosoma gemu zenye mgongo wa buluu, ambazo ni CD, na kukataa zenye mgongo wa fedha, ambazo ni DVD, ina shida ya aina hiyo hiyo. Hapo ni kubadilisha leza, si diski. Ila safisha lenzi kwanza. Mashine zinazotoka Pipeline na Kayole nyakati za kiangazi huwa zina vumbi la kutosha kupanda sukuma, na nusu yake hupona kwa pamba yenye spiriti safi.

Kwenye PS4, kosa CE-34878-0 maana yake ni kwamba gemu imeanguka yenyewe, na kwenye PS5 ndugu yake ni CE-108255-1. Wateja huzichukulia kama hukumu ya diski. Mara nyingi ni faili iliyoharibika baada ya kunakiliwa, na chanzo chake hapa kwetu tunakijua kwa jina: stima. Umeme ukikatika mashine inapoandika, kipande kimoja kinabaki nusu. Zima mashine kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha bila kukiachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha padi kwa waya wa USB, kisha chagua "Rebuild Database". Kwenye PS5 iko chini ya "Clear Cache and Rebuild Database". Haifuti gemu. Chaguo lenye neno "Initialize" (kwenye PS5 ni "Reset PS5") ndilo linalofuta, kaa mbali nalo. Kosa likibaki, futa gemu hiyo uiweke upya kutoka kwenye diski ile ile unayoilaumu.

"Nimenunua PS5 lakini naona PS4"

Mama mmoja wa Donholm aliniletea mashine mpya kabisa akiamini ameuziwa iliyotumika, kwa sababu mwanawe alimwambia picha haijabadilika hata kidogo. "Mwanangu, niangalilie kama ni ya ukweli." Mashine ilikuwa ya ukweli. Diski ndiyo iliyokuwa ya PS4. PS5 inaicheza diski ya PS4 bila kulalamika, inaweka toleo la PS4, na kukuachia wewe ugundue.

Nenda kwenye gemu, bonyeza kitufe cha Options, tafuta "Game Version". Ukiona matoleo mawili, chagua la PS5. Ukiona la PS4 peke yake, uliza kama gemu hiyo ina ruhusa ya kupandishwa. Ikiwa nayo, utapakua toleo jipya kwa intaneti, na diski lazima iendelee kukaa ndani kila unapocheza. Mashine isiyo na mlango wa diski haiwezi kufaidika na diski za jirani, na hilo watu huligundua wakiwa wameshalipa.

Jambo la pili ni TV. TV nyingi za inchi 32 zinazouzwa mjini zina piseli 1366 kwa 768. Hapo PS5 inatoa picha kubwa, TV inaipunguza, na umebaki na kasi na mwonekano wa TV ya juzi. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, punguza "Sharpness" karibu na sifuri, zima hali ya kuokoa umeme, na utafute chaguo la kuonyesha picha nzima bila kukata kingo. Jaribu pia waya mwingine wa HDMI. Waya dhaifu unaweza kuilazimisha mashine kushuka hadi ubora wa chini bila kukwambia.

Kama bado unatumia PS3 kwa ule waya wa AV wa rangi tatu, au PS4 kwa kile kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa AV kwa ajili ya TV ya mgongo, usitafute zaidi. Maandishi hayatasomeka kamwe. Ulichonacho ni picha ya mistari 576 hata diski ingekuwa ya dhahabu.

Yanayoletwa mara chache

Apdeti ni GB 2 na mashine inasema haina nafasi, nawe unaona GB 20 wazi. PS4 haibandiki kiraka juu ya gemu. Inaunda nakala mpya pembeni, kwa hiyo inataka nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Futa kitu.

Mtangazaji wa mechi hasikiki, au sehemu ya Career ya gemu ya mpira imefifia kwenye menyu. Gemu haijamaliza kujisakinisha; PS4 na PS5 hukuruhusu kuanza kabla ya mwisho. Iache imalize, na uangalie kama lugha ya utangazaji inapakuliwa kivyake.

Umenunua flash au diski ya nje ya TB 2 barabarani kwa bei ya chakula cha mchana, na gemu zinaharibika kila zikifika kiasi fulani. Ni feki. Imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake, na ikijaa inaandika juu ya data ya zamani. Ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kabla ya kuiamini, na kadi za Switch uzifanyie hivyo pia. Na hata iliyo halali, ikichomekwa kwa USB kwenye PS5 inaweza kuchezesha gemu za PS4, lakini gemu za PS5 zitahifadhiwa tu, hazitachezwa kutoka humo.

Klipu ya bao lako ni safi kwenye TV na chafu kwenye WhatsApp. Ni WhatsApp inayokata mikono ya sweta. Itume kama hati.

Yule kijana nilimwekea SSD siku ile ile. Jioni mechi ilianza wachezaji wakiwa na nyuso zao tangu wakiwa kwenye handaki. Alinyamaza kidogo, akazitazama zile diski mbili, akaniuliza kama muuzaji anaweza kuichukua moja arudishiwe pesa. Alienda kujaribu, muuzaji alikataa. Diski ya pili iko hapa kibandani kwenye rafu ya juu, haina mkwaruzo, na mwenyewe amesema anaweza kupunguza bei.